Balagha Olbalbal: lipi la kweli, lipi la uongo

Ukiteremka kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro kuelekea Serengeti, ukapita Malanja hadi nchi inapokuwa tambarare na vumbi linapoingia hata kwenye gari lililofungwa vioo, mkono wa kulia utaliona bonde pana ambamo maji ya mto Oldupai huishia. Ndilo bonde la Olbalbal. Masika huwa na kinamasi, kiangazi huwa na upepo na vumbi. Kata yenye jina hilo ni moja kati ya kata 11 za tarafa ya Ngorongoro, na sidhani kama kuna kona nyingine ya Tanzania ambako watu wachache kiasi hicho wamehutubiwa na watu wengi kiasi hicho. Magavana, mawaziri wakuu, wahifadhi kutoka Ulaya, wanasheria, wanaharakati, wagombea ubunge, wahubiri: wote wamepita tarafa hii, na hakuna aliyepita kimya.

Shuleni tunafundishwa tamathali za semi kama orodha ya kukariri: tashbiha, sitiari, tashihisi, tafsida, chuku, takriri, swali la balagha. Mwanafunzi hupata alama zake akaondoka akidhani mambo hayo ni ya mashairi na riwaya. Huku nje yanahamisha watu na mifugo. Kwa hiyo nimechukua kauli ambazo husemwa mara kwa mara kuhusu ufundi wa kushawishi, nyingine za semina, nyingine za vijiweni, na kuzipima kwa mambo yaliyotokea Ngorongoro na kwa majirani zake.

«Lugha ya mapambo hudanganya, lugha kavu husema kweli.»

Uongo. Tuchukue kauli mbili za mwaka mmoja, 1959.

Ya kwanza ni ya Julius Nyerere, Oktoba mwaka huo, katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Alisema watu wake wangependa kuwasha mshumaa na kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike nje ya mipaka, ulete tumaini palipo na kukata tamaa. Kwa mizani ya lugha kavu huo ni upuuzi. Mshumaa hauwaki kwenye upepo wa kilele cha mita 5,895, na ukiwaka haumuliki hata Moshi mjini. Lakini usiku wa uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge kileleni pamoja na bendera, na hadi leo Mwenge wa Uhuru unakimbizwa kila mwaka mkoa kwa mkoa, wilaya kwa wilaya. Sitiari ilitimizwa karibu neno kwa neno.

Ya pili ni ya gavana wa kikoloni, Agosti 1959, mbele ya Baraza la Shirikisho la Wamasai. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilikuwa ndiyo kwanza limekatwa kutoka Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwaka uliotangulia wazee 12 walikuwa wametia saini hati ya Kiingereza ya kukubali kuondoka Serengeti ya magharibi, na baadhi yao walisema miaka mingi baadaye kwamba hati ile hawakuelezwa ikaeleweka. Gavana akawaambia, kwa lugha isiyo na ua hata moja, kwamba serikali itaiendeleza kreta kwa manufaa ya wenyeji, na kama masilahi ya wanyama yatagongana na ya binadamu, ya binadamu yatatangulia. Kauli safi, ya mtu wa ofisi. Katikati ya miaka ya 1970 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa, na mwaka 1975 sheria ikapiga marufuku kilimo katika eneo lote. Ahadi ilikuwa ya hotuba na marufuku ikawa ya sheria.

Ukavu ule ule ndio uliokuwa mbinu. Sauti ya karani anayesoma maelezo humfanya msikilizaji aamini kwamba hakuna anayemshawishi, na hapo ulinzi wake hulala. Nimekuja kuamini kwamba katika mambo ya Ngorongoro lugha ya kuangaliwa kwa makini ni hiyo hasa, ile isiyo na tamathali yoyote inayoonekana.

«Msemaji hodari ndiye anayeshawishi.»

Uongo, na ushahidi uko wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro. Mwaka 2011 watu kwa maelfu walimiminika Samunge, upande wa Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Babu. Foleni ya magari ilikwenda kilomita kwa kilomita. Helikopta zilitua. Mawaziri walipigwa picha na kikombe mkononi.

Maneno ya Babu mwenyewe yalikuwa machache: aliota ndoto, Mungu akamwonyesha mti, kikombe ni kimoja, bei ni shilingi 500. Hakuna takriri wala kupanda na kushuka kwa sauti. Lakini pima kila kipande. Shilingi 500 ilikuwa bei ya soda, na kila mtu alijijibu moyoni kwamba tapeli asingetoza kidogo hivyo. Uchungaji ulitangulia mbele ya dawa. Kikombe sharti ukinywe pale pale, kutoka mkononi mwake, kwa hiyo ilibidi usafiri. Na mtu aliyelala porini siku kadhaa akingoja zamu si rahisi arudi kijijini aseme alikwenda bure. Akirudi anakuwa shahidi. Foleni nayo ilihubiri kuliko yeyote: lisemwalo lipo, wote hawa hawawezi kuwa wajinga.

Aristotle alikwisha kuandika karne ya nne kabla ya Kristo kwamba watu huvutwa na mambo matatu: tabia ya msemaji, hisia za msikilizaji, na hoja yenyewe. Samunge hoja ilikuwa ndogo kuliko vyote. Watu kadhaa walifia kwenye foleni, wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya UKIMWI wakidhani wamepona, na virusi vilibaki pale pale. Babu alifariki mwaka 2021.

«Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.»

Methali nzuri, lakini kwa leo ni uongo. Kama kingekuwa kinajiuza, kreta ya Ngorongoro, ambayo kwa macho yangu haina mfano, isingehitaji kuitwa ajabu la nane la dunia kwenye kila kipeperushi. Isingeingizwa mwaka 2013 katika maajabu saba ya asili ya Afrika kwa sherehe iliyofanyika Arusha. Wala Rais Samia Suluhu Hassan asingezunguka na kamera za filamu ya Royal Tour, iliyozinduliwa Aprili 2022.

Atakaye kuona ufundi wa kutembeza bidhaa bila bajeti ya filamu aende mnada wa Karatu, akasimame karibu na muuza dawa za miti mwenye spika begani. Haanzi na dawa. Anaanza na mgongo wako. «Nani hapa hajawahi kuamka usiku mgongo unamuuma? Anyooshe mkono!» Hakuna anayenyoosha, kwa sababu hakuna mtu mzima wa aina hiyo. Kwa kutonyoosha mkono umeshakubali kauli yake ya kwanza, na kila kauli inayofuata imeegemea hiyo. Vitabu vyetu vya shule husema swali la balagha ni swali lisilohitaji jibu. Yule bwana analihitaji sana jibu, ila analitaka litoke kwa ukimya wako.

«Ukitaja takwimu umetoka kwenye balagha, umeingia kwenye ukweli.»

Huu ni uongo ninaotaka kukaa nao.

Hotuba nyingi za miaka ya karibuni kuhusu Ngorongoro zilibeba jozi moja ya namba. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1959 watu walikuwa 8,000. Sasa wamepita 100,000. Namba hizo hazikutungwa. Lakini tazama zinavyofanya kazi zikiwekwa peke yake: msemaji hasemi «wamezidi». Anasimama kidogo, anakunywa maji, na neno hilo unalisema wewe kichwani. Hoja ambayo umeimalizia mwenyewe huiachi kirahisi, maana unaiona ni yako.

Sasa ongeza namba za pembeni. Sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7, yaani tumekuwa mara tano nchi nzima. Ngorongoro imekuwa zaidi ya mara 12. Kwa hiyo anayesema huko hakuna jipya, ni ongezeko kama la kila mahali, naye anachezea namba. Lakini eneo lina kilomita za mraba 8,292. Gawanya, utapata watu 12 hivi kwa kilomita ya mraba, wakati wastani wa taifa katika sensa ya 2022 ulikuwa 68. Ghafla ni nchi tupu! Nayo hiyo ni balagha vile vile, kwa sababu kilomita hizo zimejumuisha sakafu ya kreta na misitu ya nyanda za juu, ambako hakuna boma linaloruhusiwa. Halafu weka wageni: kabla ya janga la korona watalii waliopita lango la Lodoare walizidi laki sita kwa mwaka. Hao hawalali miaka, ni kweli, lakini wanakuja na magari, hoteli, maji ya kuoga na taka. Sikumbuki hotuba iliyowaweka watalii na wakazi katika sentensi moja.

Kuna pia neno «mifugo». Mtu akisema mifugo imefikia idadi fulani, amehesabu kichwa cha ng'ombe na kichwa cha mbuzi kuwa kitu kimoja, ingawa ng'ombe mmoja hula majani ya mbuzi kadhaa. Mfugaji wa Olbalbal hawezi kufanya hesabu hiyo hata kwa mzaha. Ukimuuliza ana mifugo mingapi atakutajia ng'ombe kivyake, mbuzi na kondoo kivyao, punda kivyao, kama hatakukatalia kabisa, maana kuhesabiwa mali si jambo la heri. Na ndani ya namba inayokua mmefichwa kitu kinachopungua: ng'ombe kwa kila mtu. Familia zilizoishi kwa maziwa miaka ya 1960 leo zinanunua unga Karatu, na wapo wasio na ng'ombe kabisa. Namba ile ile inayosomwa kama utajiri uliofurika inaweza kusomwa kama umaskini uliotapakaa.

Amos Tversky na Daniel Kahneman walilionyesha jambo hili mwaka 1981 kwa njia rahisi kabisa. Waliwaambia watu kwamba ugonjwa unatishia kuua watu 600. Kundi la kwanza lilipewa mpango wa kuokoa watu 200 kwa hakika, au mpango wa bahati nasibu: theluthi moja ya uwezekano wa kuwaokoa wote, theluthi mbili za kutookoa yeyote. Asilimia 72 walichagua hakika. Kundi la pili lilipewa mambo yale yale kwa maneno ya vifo: mpango wa kwanza watu 400 watakufa. Safari hii asilimia 78 waliikimbia hakika, wakachagua kubahatisha. Hesabu haikubadilika hata kwa mtu mmoja. Kilichobadilika ni kama umetajiwa waliopona au waliokufa.

«Asilimia 55 ya mawasiliano ni mwili, 38 ni sauti, 7 tu ndiyo maneno.»

Uongo mtupu, na nimechoka kuiona kwenye vibao vya semina za uongozi. Ilitokana na majaribio madogo ya Albert Mehrabian mwaka 1967, ambamo watu walisikilizishwa neno moja moja na kutazama picha za nyuso, kisha wakakisia kama msemaji anampenda anayeambiwa au la. Mehrabian mwenyewe alieleza kwamba hesabu ile haihusu mazungumzo kwa jumla. Kama ingekuwa kweli, sote tungeelewa hotuba ya Kichina kwa asilimia 93.

Mwili una kazi yake, ila si hiyo. Katika enkiguena, mkutano wa wazee wa Kimasai, anayesema husimama wakati wenzake wamekaa, rungu mkononi, akitembea hatua chache kwenda na kurudi. Rungu na kusimama vinasema ni zamu ya nani. Baada ya hapo ni maneno yatakayompa heshima au kumnyima, na wazee waliokaa chini wameanza kupima maneno ya watu tangu ujana wao.

«Jambo likirudiwa sana huaminika.»

Kweli. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Hasher, Goldstein na Toppino, waliwasomea wanafunzi sentensi mchanganyiko, za kweli na za uongo, kwa vikao vitatu vilivyoachana wiki mbili mbili. Zilizorudiwa zilizidi kuonekana za kweli kila kikao, hata zile za uongo. Wanasiasa hawakuhitaji utafiti. Edward Lowassa, mwana wa Monduli, alipogombea urais mwaka 2015 alitaja vipaumbele vitatu: elimu, elimu, elimu. Tony Blair alikuwa amekwisha kuitumia Uingereza mwaka 1996, lakini kwa Kiswahili ilisikika mpya. Nyerere alipotangaza vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978 alifanya kinyume chake kidogo: alirudia muundo na kubadilisha neno: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Mtoto aliyezaliwa miaka 30 baadaye anaijua.

«Chuku ni ugonjwa wa wanasiasa.»

Uongo. Chuku kubwa kuliko zote kuhusu nchi hii ilitoka kwa mwanasayansi. Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alitengeneza na mwanawe Michael filamu iliyosema Serengeti isife. Ilitoka 1959 na kupata tuzo ya Oscar. Michael alikufa Januari mwaka huo, ndege yao iliyopakwa milia ya pundamilia ilipogongana na tai, na kaburi lake liko ukingoni mwa kreta, ambapo karibu kila gari la watalii husimama. Mbele ya kaburi la kijana hakuna anayeuliza kama hoja ya baba yake ilikuwa sawa. Sisemi baba alilitumia kwa hila. Nasema kaburi limefanya kazi ya hoja kwa zaidi ya miaka 60.

Walihesabu nyumbu kutoka angani wakapata karibu laki moja. Leo wanazidi milioni. Sababu kubwa ya ongezeko hilo ni kwamba ng'ombe wa maeneo ya jirani walichanjwa dhidi ya sotoka, na ugonjwa ukakoma kuwaua nyumbu. Yaani ng'ombe waliotajwa kama tishio walikuwa njia ya dawa. Na wanaowakimbia wenzao ni ng'ombe: nyumbu wanapozaa kwenye nyanda za majani mafupi, wafugaji hupandisha mifugo juu, kwa kuwa ndama wa nyumbu huleta ugonjwa unaoua ng'ombe.

Upande wa pili nao una chumvi yake. «Tumeishi hapa tangu enzi na enzi» ni kauli inayotia nguvu maandamano yoyote, lakini Wamasai walifika nyanda hizi takriban karne mbili zilizopita, wakawasukuma Wadatoga, ambao bado wana makaburi ya kuheshimiwa ndani ya kreta. Wahadzabe wa upande wa Eyasi wametangulia wote. Haki ya mtu kutohamishwa haihitaji miaka elfu. Miaka mia mbili ni mingi ya kutosha. Ndiyo maana chuku ile inanikera: inaweka rehani hoja nzuri kwa ajili ya hoja inayovunjika mtu akifungua kitabu cha historia.

«Tafsida ni adabu tu.»

Uongo. Tafsida ya msibani ni adabu. Tafsida ya tangazo la serikali ni kazi nyingine kabisa. Kuanzia Juni 2022 familia zilianza kusafirishwa kutoka tarafa ya Ngorongoro hadi Msomera, wilaya ya Handeni, mkoani Tanga, na kupewa nyumba na mashamba. Kwa msamiati wa serikali walihama «kwa hiari», «kupisha uhifadhi». Wapo waliokwenda kwa kupenda, wakashukuru. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2024, ilisema huduma za jamii zilipunguzwa huko Ngorongoro hadi hiari ikakosa maana; serikali imekana kuwalazimisha watu. Mzozo mzima umebebwa na kiambishi: wamehama, au wamehamishwa?

Kiswahili chetu kina hatari yake hapa. Kauli ya kutendwa ni laini mno. «Huduma zilisitishwa», «vijiji vilifutwa», na aliyesitisha na kufuta hayumo ndani ya sentensi. Agosti 2024 tangazo la serikali liliondoa kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya tarafa hii kwenye orodha ya maeneo ya utawala. Watu walijaa barabara kuu ya watalii kwa siku kadhaa. Mahakama Kuu Arusha ikasitisha tangazo, na waziri akaja kuwaambia kwamba haki zao za kiutawala zinarudi. Wapo wanaosema nyimbo na vilio ndivyo vilivyoshinda. Mimi naona mambo mawili yasiyo na tamathali: barabara ambayo magari ya watalii hayawezi kuikwepa, na ombi la mahakamani lenye namba ya tangazo na tarehe.

«Hotuba ni maneno ya anayeisoma.»

Mara nyingi sivyo. Tamko la Arusha la Septemba 1961, ambamo Nyerere aliahidi kuwalinda wanyamapori, bado hunukuliwa kwenye mabango ya uhifadhi kama sauti ya Mwafrika akiisemea nyika yake. Watafiti wa historia ya uhifadhi wameonyesha kwamba rasimu yake ilitoka mikononi mwa wahifadhi wa Ulaya. Nyerere aliikubali, kwa hiyo ni yake kisiasa. Mtindo wa tamko si wake. Aliyezoea kumsoma Nyerere atalisikia hilo kabla ya kuambiwa.

«Fasaha ni yule anayejua Kiswahili.»

Kauli hii haisemwi waziwazi, lakini huonekana mkutanoni pale mzee anapoanza kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika na vijana wa mjini wakatabasamu. Ni uongo, na mwenye makosa ni mkutano wenyewe. Tarafani watu wazima wengi, hasa akina mama, wanafikiri na kujadili kwa Kimaa, lugha ya Wamasai. Mkalimani husimama kando ya mgeni, na balagha yote hupita kwenye tundu lake. Kiongozi akisema mara tatu kwa msisitizo, mkalimani husema mara moja, maana ameelewa. Utani wa Pwani hufika umekufa. Tafsida huvuliwa nguo: «kupisha uhifadhi» kwa Kimaa cha mkalimani mwenye haraka huwa «mnatakiwa kuondoka», na minong'ono inaanza kabla mgeni hajamaliza sentensi, naye anashangaa amekosea wapi.

Upande wa kurudi ni mbaya zaidi. Mzee husimama dakika kumi, huanza na mvua na nyasi, huwataja waliotangulia, hutega fumbo, hulizunguka, halafu hutua. Mkalimani humgeukia mgeni rasmi: «Anasema hakubali.» Mwandishi wa habari huandika kwamba mkazi mmoja alipinga.

«Risala ni sifa tupu.»

Nusu kweli. Risala ya wananchi ina mpangilio ambao kila mtendaji wa kijiji anaujua: karibu mgeni rasmi, shukrani kwa Rais, mafanikio, changamoto, maombi, ahsanteni. Anayeisikiliza nusu anasikia sifa. Lakini risala iliyoandikwa na mtu hodari huweka ombi ndani ya shukrani yenyewe. Tuseme hivi: «Tunaishukuru serikali kwa kutuchimbia bwawa. Changamoto ni kwamba bwawa halijawahi kuwa na maji. Hata hivyo, ng'ombe wetu wameshalizoea, huenda kulitazama.» Hakuna mtu aliyetukanwa. Makofi yatapigwa. Mgeni rasmi hawezi kukasirikia shukrani, na hawezi kujifanya hakusikia, maana mkutano mzima umecheka.

Mgeni mzoefu naye ana kinga yake: «Nimelichukua, nitalifanyia kazi.» Ni sentensi kamili yenye nafsi ya kwanza na wakati ujao, na haimfungi kwa lolote. Kijiji chenye bahati huwa na mzee au mama mmoja anayesubiri makofi yaishe, akaomba kipaza sauti, akauliza kwa Kimaa swali fupi ambalo hata mkalimani hawezi kulipunguza: «Tarehe ngapi?»